Nyungu, sabuni na joto la Tanga

Mleta mada umeuliza mawili: jua la Tanga linaua korona? Na ile nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani, tuliyoipiga sana 2020 ilisaidia? Nimekaa maabara hapa Tanga miaka mingi, na nyungu yenyewe nimeipiga, ngoja nieleze.

Kirusi cha korona kina ukubwa wa nanomita 100 hivi, na nanomita moja ni milimita uliyoikata vipande milioni. Nje kimejifunika utando wa mafuta, kimeupora kwenye seli zetu kikitoka, na juu yake imechomoza miiba ya protini ya kushikia seli nyingine. Utando huo ndio unaokiponza. Chukua sahani uliyolia changu wa kukaanga: maji matupu yanateleza tu, weka sabuni uone. Kirusi nacho hivyo hivyo, utando ukichanika kimekwisha. Cha polio hakina utando huo, ndiyo maana ni sugu zaidi.

Sasa joto. Maabara, kwenye nyuzi 70 korona haimalizi dakika 5. Kwenye 56 ni kama nusu saa, na ikiwa imejificha kwenye makamasi hudumu zaidi. Kwenye nyuzi 4, yaani ndani ya friji, ilikutwa hai hata baada ya siku 14. Tanga mwezi wa pili tunaungua na 32, 33. Joto hilo linaifupishia maisha kwenye kitasa cha mlango, na juani ndiyo zaidi maana mionzi nayo inaiharibu. Lakini mwilini mwako tayari ni 37, na humo ndimo inamozaliana! Halafu kwenye daladala ya Raskazone mmebanana, mtu anakukoholea usoni, hapo jua litaingilia wapi?

Nyungu: mama yangu mdogo, Ngamiani, alichemsha mwarobaini, mchaichai na mkaratusi, akajifunika blanketi, mimi nasubiri zamu. Mvuke unaovumilika puani hauiui korona. Ungekuwa wa kuiua ungeiva wewe kwanza. Na kirusi kiko ndani ya seli, hakikungojei puani. Pua ilifunguka, sikatai, usiku ule tulilala. Ila alipogeuka goti likagonga sufuria, maji yakammwagikia mguuni. Wiki tatu tunasafisha kidonda.

Alama anayo mpaka leo, na akishikwa na mafua bado anapiga. Nikimwambia mambo ya nyuzi 70 ananijibu, "Wewe na maabara yako, nisogezee sufuria."