Shangazi wa Bustani: Waridi la bibi ndo linaloliweza joto letu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nipo Tanga mjini, toka mwaka jana nimenunua miche mitatu ya waridi kitaluni, yale maua makubwa kama ya kwenye maharusi, na yote imekufa. Inaanza majani kuweka madoa meusi, yanakuwa njano, yanapukutika, unabaki na fimbo ya miiba. Marehemu bibi alikuwa na waridi uani, hapigi dawa wala nini, na lilikuwa likinukia mpaka barazani. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea kumwagilia wala mkono wako hauna ubaya, ulichokosea ni mche. Hayo mawaridi marefu ya kukata yalizalishwa yakae kwenye banda la nailoni huko Naivasha au Arusha, usiku baridi, mvua haigusi jani, na kuna mtu analipwa kupiga dawa. Sasa wewe umelileta Tanga, masika yote jani halikauki. Yale madoa meusi ni ukungu, na ukungu huo ukipata jani limelowa kama masaa saba hivi basi ushaingia. Angalia doa kwa karibu utaona kingo zake zimechanika-chanika kama wino uliomwagikia karatasi, sio duara safi, ndo ulijue hilo.

Halafu chimbua kidogo shinani. Ukikuta kifundo kama goti, mche huo umebebeshwa, yani shina la juu ni waridi jingine na mizizi ni ya mwingine kabisa. Juu pakifa, chini pataendelea kuchipua, na utamwagilia mwaka mzima kitu ambacho sicho ulichonunua.

Waridi la bibi yako mi sijaliona ila mengi ya aina hiyo yana damu ya mawaridi ya China, yale yaliyofika Ulaya miaka ya 1700 mwishoni, na kabla ya hapo mawaridi karibu yote ya Ulaya yalikuwa yanachanua mara moja tu kwa mwaka. Haya ya China na ndugu zake wanaoitwa mawaridi ya chai hayangoji baridi, yakipata maji yanachanua tu. Kuna Old Blush la pinki, kuna Louis Philippe jekundu la mwaka 1834, kuna Duchesse de Brabant la 1857 ambalo kwa harufu mi silinganishi na lolote, na kuna Mutabilis linaloanza rangi ya njano iliyofifia, linakuwa pinki, linaishia jekundu, yote kwenye kichaka kimoja. Florida na Bermuda, kwenye joto na unyevu kama wetu, ndo hayohayo yaliyodumu kwenye nyua za watu, na Bermuda kuna mengine majina yake yalishasahaulika wanayaita kwa mahali yalipookotwa. Kwahiyo usijali kama la bibi halina jina.

Nenda pale kwake, au kwa jirani aliyewahi kuomba tawi, maana waridi zuri halikosi kuombwa. Kata tawi lililotoka kumaliza kuchanua, unene wa penseli, urefu kama shibiri, bakisha majani mawili juu, chomeka nusu kwenye kopo la mchanga mwororo, ulifunike na chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Usilivute kuangalia mizizi! Wiki sita mpaka nane ukiona chipukizi linasukuma na ukiligusa linakataa kung'oka, hapo limeshika. Linasimama kwa mizizi yake lenyewe, hata likikatika likichipua ni lilelile.

Panda penye jua la asubuhi na upepo unapita, samadi iliyooza vizuri, matandazo ya majani makavu, maji shinani asubuhi sio juu ya majani jioni. Na usilifyeke kama wanavyofyeka hayo mengine, toa matawi makavu na ya juu kidogo, theluthi moja basi, maana haya yakikatwa sana yananuna.

SWALI: Shangazi mi nipo Maskati, asili yetu Unguja. Tulipanda mlima Jebel Akhdar wakati wa kuchuma mawaridi nikaja na mche wa waridi la marashi, mwaka wa pili huu unatoa majani matupu.

JIBU: Bibie, kule mlimani ni kama mita 2,000 na usiku wa kipupwe ni baridi hasa, na waridi lile linataka baridi hiyo ndo lije kufungua maua, mara moja kwa mwaka, mwezi wa 3 mwishoni mpaka wa 5. Maskati haliipati. Tena linachanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, sa kama ulilipogoa ndo umeyakata maua na wewe. Mpelekee ndugu aliye mlimani, wewe weka Duchesse de Brabant kwenye chungu kikubwa, jua la mchana likingwe. Maji ya waridi ya halua nunua ya wenyewe wa Jebel, hayo hayana mbadala.

SWALI: Kisima changu Kigamboni kina chumvi, nimwagilie?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Ncha za majani zitaungua kahawia, halafu mti unadumaa. Kinga maji ya mvua kwenye mapipa, na kama umeshamwagilia ya chumvi, mwaga maji ya mvua ya kutosha chungu kivuje chini mara mbili tatu, chumvi itoke nayo.