Mitokondria hazipimwi kwa kushika chuma

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 44, mwalimu wa shule ya msingi hapa Ifakara. Tangu mwaka jana nachoka mno. Ikifika saa nane mchana hata kushika chaki ni mzigo. Kuna dada alinishikisha chuma kilichounganishwa na kompyuta yake, ikatoa majibu kwamba mitokondria zangu zinafanya kazi kwa asilimia 38 tu. Ananiuzia vidonge vya kuziamsha, kopo shilingi 120,000, na anasema nahitaji makopo matatu. Ninunue?

JIBU: Mwalimu, usinunue. Hiyo 38 imetoka kwenye programu, haikutoka mwilini mwako. Sisi tukishuku ugonjwa wa mitokondria, yaani vile viwanda vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nishati, tunasoma vinasaba, au tunakata kipande kidogo cha msuli kikachunguzwe maabara. Chuma cha kushika, kama kinapima chochote, basi ni jasho la kiganja.

Lakini linaloniudhi kuliko hata hicho chuma ni neno "kuamsha". Kila wiki naletewa kopo lenye neno hilo. Wewe uko jirani na Kidatu, unajua bwawa linavyofanya: maji yanazuiwa nyuma ya ukuta, yakishuka yanazungusha mitambo. Mitokondria nayo hutumia chakula na oksijeni kusukumia protoni, chembe ndogo mno zenye chaji, upande mmoja wa utando mwembamba, zikabanana huko, na njia yao kuu ya kurudi ni kupitia mtambo unaozunguka. Mzunguko huo ndio unaotengeneza ATP, nishati ambayo seli inaitumia. Peter Mitchell, Mwingereza, alipolieleza jambo hili mwaka 1961 wenzake wengi walimkatalia. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Na kuzunguka si lugha ya picha: mwaka 1997 watafiti wa Japani waliuona mtambo huo ukizunguka chini ya hadubini.

Sasa, mtambo huo hufuata matumizi. Msuli ukifanya kazi, ATP iliyotumika hurudi kutengenezwa upya. Msuli ukitulia, mtambo nao hupunguza mwendo. Kwa siku moja unatengeneza ATP inayokaribia uzito wako mzima, ilhali iliyomo mwilini kwa dakika yoyote haifiki nusu kilo. Haiwekwi ghalani. Ukiimeza kwenye kidonge huvunjwavunjwa kabla haijaona seli.

Watakuja pia na hadithi ya "kusafisha sumu za mitokondria" kwa vitamini. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki nne, baadhi yao wakimeza vitamini C na E kwa wingi. Wasiomeza, insulini yao, homoni inayoshusha sukari ya damu, ilianza kufanya kazi vizuri zaidi. Waliomeza walitoka jasho bure kwa upande huo. Hizo zinazoitwa sumu ni ujumbe pia: mitokondria inaiambia seli kwamba kazi imeongezeka, ijipange. Ukiuzima ujumbe wote, umekata simu.

Kidonge kisicho na kitu kinakula mshahara wako tu. Ninachokiogopa ni kile kinachofika kweli kwenye mitokondria. Miaka ya 1930 Wamarekani waliuziwa DNP ya kupunguza unene. Kemikali hii ni kama kutoboa ukuta wa bwawa: protoni zinarudi bila kupitia mtambo, nishati yote inageuka joto. Watu walikonda, ndiyo. Wengine walipata mtoto wa jicho, wengine joto la mwili lilipanda hadi wakafa. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1938, na mpaka leo inauzwa mtandaoni, wala hakuna dawa ya kuizima ikishamezwa. Bibi anayeloweka muhogo mchungu siku tatu ili itoke sianidi, sumu inayozima mitokondria, anazilinda mitokondria za wajukuu wake kuliko hawa wauza makopo.

Kwako wewe, hukuniambia hedhi ikoje, na kwa umri wako ndiyo ningeuliza kwanza. Mnyororo mzima wa kusukuma protoni umejengwa kwa madini ya chuma, na anayetoka damu nyingi kila mwezi huyapoteza hayo hayo. Nenda hospitali wapime wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, sukari na tezi ya shingo. Muulize pia unayelala naye kama unakoroma na kukatika pumzi. Kama kopo la kwanza umeshalichukua usilitupe, nenda nalo, lebo ikiwa haijabanduliwa.