Mkuu, futa hiyo TCP kabla hujauza gari kama mimi

Simama hapo hapo. Usiandike mstari mwingine wa hiyo programu yako ya kupigiana simu mpaka umalize kusoma hapa.

Umeuliza mambo matano: kodeki (kile kinachobana sauti) ipi nzuri, seva ikae wapi, bando la mtumiaji lisikatike upesi, leseni, na video kwenye simu za bei ya chini. Nilikuwa nasoma vizuri, chai mkononi, mpaka nikafika kwenye kile kimstari cha mwisho ulichokitupia kama mtu anayeaga: "sauti nimeamua zipite kwenye TCP kwa websoketi ili hata neno moja lisipotee." Nikapaliwa. TCP ni njia ya kutuma data inayohakikisha kila kipande kinafika na kwa mpangilio, na websoketi hupita juu yake. Hicho kimstari, mdogo wangu, kilinigharimu gari langu, IST. Nyeupe, haikuwa na hata mkwaruzo.

Sikia ilivyokuwa. Tulikuwa watatu, chumba cha kupanga Sinza, tukapata kazi ya programu ya kuwaunganisha abiria na madereva wa bajaji. Walitaka abiria na dereva wapigiane simu humo humo kwenye programu, asionekane namba mtu. Wazo zuri kabisa. Tatizo mwenye kazi alikuja na mshauri wake, bwana mmoja wa suti, kompyuta yake ina stika nyingi kuliko daladala. Tulipomwambia tunataka UDP, njia inayotuma bila kungoja wala kurudia kilichopotea, akatingisha kidole: UDP inapoteza data, nyie mnataka maneno ya mteja yapotee njiani? Sasa mbele ya mwenye pesa nani atasema ndiyo? Tukanywea. Nikaandika TCP kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo wa kulaumiwa ni wawili, ila mmoja alilipwa.

Pale Sinza kila kitu kilikuwa safi. Mmoja anakaa chumbani, mwingine barazani, wote kwenye waifai moja, tunapigiana na kupongezana kama wajinga. Kwenye waifai ya nyumbani pakiti, yaani vile vipande vya data, ni nadra kupotea, na pakiti zisipopotea TCP na UDP huwezi kuzitofautisha. Mtego wenyewe uko hapo.

Siku ya kumwonyesha mwenye kazi, dereva alitoka Makumbusho, abiria kasimama Mwenge. Wanaongea vizuri tu. Katikati mtandao ukayumba sekunde kama tatu, ukarudi. Kuanzia hapo simu ile ilikuwa imeshakufa, haijajijua tu. Abiria anasema, "Kaka, nimevaa shati jekundu, niko hapa kituoni." Dereva shati jekundu alilisikia ameshapita Mwenge, anakitafuta kituo cha Survey. Akauliza "kituo kipi?", swali likamfikia mwenzake wakati anaongea jambo jingine. Mwisho tulipima: sekunde 7 upande mmoja. Mwenye kazi akanigeukia, mimi nikasema lile jibu letu sote tunalijua: "mtandao leo sio mzuri, bosi." Mnicheke tu.

Kilichotokea ni hiki. TCP ni karani mnoko. Pakiti ya 51 ikipotea, za 52 mpaka 80 zinaweza kuwa zimeshafika kwenye simu ya mwenzako salama salimini, lakini karani anazizuia mlangoni mpaka ya 51 iletwe tena. Na kuileta tena si papo hapo. Linux kwa mfano, kipima muda chake husubiri angalau milisekunde 200 kabla ya kurudia. Ikishindikana inasubiri mara mbili ya hapo, halafu mara mbili tena. Ndiyo maana mtandao ukikata sekunde 3, TCP inaweza kukaa kimya hata baada ya mtandao kurudi, inangoja zamu yake. Muda wote huo kipaza sauti kinaendelea kurekodi na wewe unaendelea kusukumia kwenye foleni. Foleni ikifunguka, zinamwagika zote, na simu ya upande wa pili inazicheza moja moja, kwa utaratibu, kwa kasi ya kawaida. Ucheleweshaji ukishaingia hautoki. Unajumlishwa na wa daraja linalofuata, na wa kona inayofuata, kila mtandao ukiyumba tena.

ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wana pendekezo lao la G.114 kuhusu kuchelewa kwa sauti: milisekunde 150 upande mmoja, watu wanaongea bila shida, mwisho kabisa wa kupangia mtandao ni 400. Mimi nilikuwa na 7,000.

Halafu uchungu wenyewe sasa. Mshauri hakusema "tumekosea". Alisema seva ni ndogo. Tukakodi kubwa. Akasema bafa, ile akiba ya sauti inayongoja kuchezwa, iongezwe, tukaongeza, yaani tukalipia kuchelewa zaidi. Miezi miwili tunazunguka humo, seva inalipwa kwa dola, malipo ya awali yameisha, gari likaenda kwa dalali wa Magomeni kwa bei ya huruma. Mkataba ukavunjwa wiki iliyofuata. Bwana wa suti nasikia sasa anafundisha vijana. Mungu awalinde hao vijana.

Kwa hiyo ukisahau yote, shika hili: SAUTI ILIYOCHELEWA ITUPE. Usiitume tena, usiingoje, usiitunze. Ukitumia UDP na pakiti moja ya milisekunde 20 ikapotea, sikio la binadamu mara nyingi halijui. Kodeki ya Opus, iliyofanywa kiwango rasmi 2012 na ni ya bure, inaziba hilo pengo kwa kukisia, na ukiiruhusu, kila pakiti inabeba nakala hafifu ya iliyotangulia, hivyo moja ikipotea inayofuata inaifidia. Mtu akikosa silabi anasema "eh?" na mwenzake anarudia. Binadamu wamekuwa wakirudia tangu enzi za kuitana ng'ambo ya mto, hawahitaji karani.

Na usijenge mwenyewe. Hilo kosa langu la pili, nalipitia haraka kwa sababu linauma. Kuna WebRTC, mfumo uliokwisha tengenezwa wa simu za sauti na video, Google waliufungulia watu wote 2011, ina UDP, ina Opus, ina bafa inayojirefusha na kujifupisha kulingana na mtandao, ina kipimo cha kushusha video njia ikibana. Simu nyingi kwenye mitandao ya simu zimekaa nyuma ya anwani ya pamoja, hazionani moja kwa moja, kwa hiyo weka na seva ya TURN ya kupokezana. Hapo hapo wajuaji watakuja kuniambia TURN inaruhusu TCP. Ndiyo, inaruhusu, kwa yule aliyeko kwenye ofisi iliyofunga UDP yote. Ni mlango wa dharura. Wewe umeufanya geti kuu.

Bando, kwa kuwa uliuliza: Opus ya kilobiti 16 kwa sekunde, kwa pakiti za milisekunde 20 ni baiti 40 za sauti kila pakiti. Vichwa vya IP, UDP na RTP, yaani maelezo ya njia yanayobandikwa mbele ya kila pakiti, navyo ni baiti 40. Yaani nusu ya bando la mteja linasafirisha bahasha! Unganisha milisekunde 60 kwa pakiti moja, unatoka kilobaiti 240 kwa dakika kila upande unashuka mpaka 160, kabla hujaweka usimbaji wa kuficha mazungumzo. Ila kumbuka unaongeza kuchelewa kidogo na pakiti moja ikipotea pengo ni kubwa, kwa hiyo fanya hivyo kwa mtandao dhaifu tu. Na sauti ghafi isiyobanwa usiiguse. Sisi tuliigusa, sitaki kuongelea.

Kupima: kwenye Linux kuna netem, kifaa cha kuigiza mtandao mbovu, iambie ipoteze asilimia 5 ya pakiti na icheleweshe milisekunde 200 uone programu yako inavyolia. Kisha zima waifai, panda mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni saa moja asubuhi umesimama, simu iko hewani na mwenzako yuko ndani ya pantoni la Kigamboni. Mkifika mhesabu kwa pamoja moja mpaka kumi, kila mtu aseme namba yake kwa zamu. Mkipishana, rudi nyumbani.

Leseni waulize TCRA wenyewe, wale wanaosimamia mawasiliano nchini, sio humu jukwaani kila mtu ni wakili. Video sikuwahi kufika huko, gari liliisha kabla.

Weka hapa sehemu ya kutuma sauti ulivyoiandika, tuione leo leo. Na kama aliyekushauri hiyo websoketi amevaa suti, ana stika nyingi kwenye kompyuta, nitumie ujumbe wa faragha haraka.