Nimedaunlodi programu, Ubuntu haitaki kuifungua

SWALI: Shikamoo kaka. Nina stesheneri ndogo hapa Majengo, Moshi. Fundi aliniwekea Ubuntu maana Windows ilikuwa inakwama kila saa, sasa wateja wanaleta video kwenye flashi nikadaunlodi VLC, ile ya exe, nabofya mara mbili wapi. Jirani akanielekeza terminali, lile dirisha la kuandika amri, ikaniomba paswedi, kila nikibonyeza herufi haitokei kitu. Kibodi imekufa? Nirudishe Windows?

JIBU: Marahaba dada. Usirudishe, na kibodi ni nzima kabisa. Terminali mara nyingi haionyeshi herufi wala nyota ukiandika paswedi, wewe andika hivyo hivyo kama gizani mpaka mwisho halafu bonyeza Enter. Ni ile ile ya kuingilia kwenye laptopu, na kama yako inajifungua yenyewe bila kuuliza basi mpigie fundi akutajie kisha uibadilishe, maana laptopu ni yako, haiwezekani paswedi aijue yeye peke yake, hili huwa linaniuma sana.

Sasa hiyo exe ifute tu, ni ya Windows. Ubuntu ina ghala lake la programu, huna haja ya kuzunguka mtandaoni kutafuta. Andika kwanza

sudo apt update

hiyo haiongezi programu yoyote, inasoma upya orodha ya vilivyomo ghalani, na ukiiruka unaweza kuambiwa Unable to locate package ukadhani umekosea jina. Halafu

sudo apt install vlc

herufi ndogo zote. Kabla ya kuvuta itakuandikia ni MB ngapi na kukuuliza Y au n, hapo ndo unaangalia bando lako, halitoshi weka n, hakuna kilichoharibika. Ikileta maneno ya lock ujue mara nyingi kuna apdeti inaendelea yenyewe kwa nyuma, subiri dakika kadhaa urudie, usiizime laptopu katikati.

Ipo pia App Center ya kubofya tu, ila nyingi za pale ni snap, yaani programu iliyofungashwa na mahitaji yake ndani, na mara nyingi zinakula bando zaidi, kwa mtu wa kuunga kidogo kidogo mi nakushauri apt. Na wateja wakileta kazi za Word, LibreOffice iko humo humo ghalani, bure, kama haipo tayari andika sudo apt install libreoffice, ila hiyo ni kubwa, ivute usiku ukiwa na bando la usiku.