Normandy ukiwa na mimba ya miezi mitano

Hongera sana dada! Umeuliza uende wapi Ufaransa kwa siku nne za mashambani na baharini ukiwa mjamzito; mimi ningechagua Normandy, mkoa wa kaskazini, badala ya kukimbilia kusini. Treni kutoka Paris, kituo cha Saint-Lazare, hadi Trouville-Deauville ni kama saa mbili tu, na njiani unaweza kuinuka ukanyoosha miguu. Deauville kuna njia ya mbao kandokando ya ufuo, tambarare kabisa, unatembea taratibu na kupumzika utakapo. Étretat, mji mwingine wa pwani, ni pazuri mno, lakini ufuo wake ni kokoto tupu na kupanda majabali ni ngazi. Yatazame ukiwa chini. Mont-Saint-Michel, kile kisiwa chenye abasia (monasteri ya kale), iache safari hii: kufika kwenye abasia ni ngazi zaidi ya 300.

Chakula ndicho cha kuangalia hasa. Jibini laini ya Camembert wakati mwingine hutengenezwa kwa maziwa mabichi; ukiona "lait cru" (yaani maziwa mabichi) kwenye kiboksi, usile, kwa sababu ya bakteria wa listeria, wanaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Chaza wabichi vilevile. Kome waliopikwa wakaiva vizuri, kula bila wasiwasi. Matunda na mboga za sokoni osha mwenyewe.

Bima nayo: waulize kwa maandishi kama inagharamia dharura za ujauzito, maana nyingine huziacha nje. Beba kadi ya kliniki. Namba ya dharura ya matibabu huko ni 15. Na kabla hujakata tiketi, mweleze daktari wako ratiba yote akuruhusu kwanza.