Mkutano wa kampeni uwanjani: mpeleke mama, ila chagueni pa kusimama

Ndugu, umeuliza kama ni salama kwenda na mama yako mtu mzima kwenye mkutano wa kampeni wa uwanjani. Mpeleke. Kumwona mgombea anavyojibu watu wanapomzomea ni tofauti kabisa na kumtazama kwenye runinga.

Ila msisogee mbele ya jukwaa, nakuomba sana. Watu wakizidi watano kwenye mita moja ya mraba, huchagui tena unakoelekea, umati unakubeba kama maji. Na wengi wanaokufa kwenye msongamano hawakanyagwi. Hukosa pumzi wakiwa wima, kifua kimebanwa. Mimi niliwahi kubanwa kwenye uzio wa chuma. Nilikunja mikono mbele ya kifua kama bondia, ndipo nikapata upenyo wa kuvuta hewa, na kila msukumo ulipotulia nikasogea kimshazari hadi pembeni. Kushindana na wimbi la watu hutaweza. Kitu kikidondoka usiiname, hata kama ni simu.

Kwa hiyo simameni pembeni, karibu na njia ya kutokea, mbali na spika. Maji, kofia, viatu vya kufunga. Mtandao wa simu huelemewa watu wakijaa, basi kubalianeni mapema mtakutana wapi mkipotezana. Mgombea akimaliza msikimbilie kutoka, subirini kwanza watu wapungue. Mama apate kiti kama kipo.