Mwanangu, kaikalie kwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na zile picha mbili. Umeuliza kwa kifupi: kati ya pikipiki mbili, Yamaha R7 na Honda CBR650R, ununue ipi ya kwendea kazini kila siku? Baba yako aliusoma kabla yangu, akanipa simu, akasema, "Hili lako." Kweli, ni langu.

Umeniwekea na karatasi za vipimo, nami nimezisoma hadi mwisho. R7 ina silinda mbili, injini ya sentimita za ujazo 689, nguvu farasi 73, uzito kilo 188. CBR650R ina silinda nne, ujazo 649, nguvu farasi 95, uzito kilo 208. Asiyewahi kukaa kwenye foleni akisoma hayo atakwambia chukua Honda, ina nguvu zaidi, yakaisha. Mimi nakuuliza jingine: umezikalia? Maana umenieleza rangi, umenieleza sauti ya ekzosi, hata ile taa ya mbele ya R7 umeisifu, lakini viganja vyako na miguu yako hukuvitaja hata kwa neno moja.

Nimelisema hili tangu ulipokuwa unakaa nyuma yangu umenishika kiunoni, na nitalisema tena: pikipiki ya kila siku hupimwa kwenye foleni. Kwenye barabara tupu zote ni nzuri. Ukifika kilomita 100 kwa saa upepo unakuinua kifua na mikono inapumzika, hapo hata usukani ulioshuka chini unauona wa raha. Upepo ukiondoka, mwili wako wote wa juu unashukia kwenye viganja. Na wewe asubuhi huna upepo. Una magari yaliyosimama na feni ya rejeta inayokupulizia joto mapajani.

Ile hadithi ya dukani unaijua, au tuseme unaijua nusu, ile anayopenda kuisimulia baba yako wageni wakija. Ilikuwa 1999, mwaka ule R6 ya Yamaha ilipotoka. Nilikuwa nimesoma habari zake kila nilipozipata, pikipiki ya 600 ambayo mstari mwekundu kwenye saa ya mizunguko unaanzia mizunguko 15,500 kwa dakika. Tukaingia, tukaikuta imewekwa mbele kabisa. Nikauliza kama naweza kuikalia. Muuzaji akamgeukia baba yako: "Mzee, hii itamshinda mama. Skuta ziko kule ndani." Usoni hakunitazama. Na baba yako, ambaye mpaka leo hajui gia ya kwanza ni ya kukanyaga au ya kuinua, akamjibu taratibu: "Muulize mwenyewe. Mimi nimesindikiza tu."

Baba yako huishia hapo, watu wakacheka, naye anafurahi. Nami namwacha, kwa sababu siku ile alisimama nami vizuri sana na sijamsahau kwa hilo. Lakini hadithi haikuishia hapo.

Niliikalia. Vidole vya miguu vilifika sakafuni, visigino vikabaki hewani. Hilo halikunitisha, mguu mmoja ukishika chini vizuri pikipiki inasimama. Nikainama nikashika usukani, nikakaa vile vile bila kusema neno, huku yule mtu akiendelea kumweleza baba yako mambo ambayo baba yako hakuyaelewa. Nikaugeuza usukani kushoto hadi mwisho. Ulikoma mapema mno, na kidole gumba kikabanwa kwenye tangi. Nikaiona njia yangu ya kila asubuhi: nakata kona kati ya magari mawili kwa mwendo wa mtu anayetembea, naminya klachi, naachia, naminya, naachia, gia ya kwanza ndefu na injini inayotaka izungushwe juu ndiyo iamke. Nikashuka. Nikasema siichukui.

Basi yule mtu akatabasamu.

Alidhani nimekubali maneno yake. Uamuzi ulikuwa wangu na sababu zilikuwa zangu, zote nilizipata kwa viganja vyangu pale pale juu ya kiti, na bado yeye ndiye aliyebaki na ushindi. Linaniuma hadi leo. Kuna siku najiambia ningeinunua tu, nikapita nayo mbele ya duka lake kila asubuhi. Halafu najijibu: viganja vikufe ganzi kila siku kwa ajili ya mtu ambaye hata jina langu hakuuliza? Halafu upande ule mwingine unarudi: lakini uliitaka. Kweli, niliitaka. Ubishi huu sijaumaliza na sidhani nitaumaliza.

Tulikokwenda kununua ni kwingine, na tulichonunua unakijua: ile CBR600F nyekundu. Honda waliianzisha 1987 iwe pikipiki moja ya kufanya yote, uende nayo kazini siku za wiki na ukitaka uikimbize kwenye uwanja wa mashindano mwisho wa wiki. Usukani haukukuvunja mgongo, na nyuma palikutosha wewe na begi lako la shule. Uliwahi kuniambia ulilala huko nyuma siku moja tukirudi, nami nikakosa usingizi usiku ule. Baadaye kundi lote la pikipiki za 600 likavutwa na mashindano. Mwaka 2003 Honda hao hao wakatoa CBR600RR, viti vikapanda, usukani ukashuka, kila mwaka zaidi. Ulaya R6 iliacha kuuzwa kwa ajili ya barabara baada ya 2020, sheria za moshi za Euro 5 zilipoanza. Nilipozisoma habari hizo nilisikitika, na ni mimi yule yule niliyeikataa.

Kwa hiyo wewe unachagua wakati mzuri kuliko wangu. Hizo mbili ulizonitajia zimetengenezwa na watu wanaojua kwamba wanunuzi wengi hawafiki uwanjani. Injini ya R7 ni ile ya MT-07, pikipiki nyingine ya Yamaha; krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imepangwa kwa nyuzi 270, kwa hiyo mapigo yake hayalingani na mvuto unakuja mapema: karatasi yako inasema mvuto wa nyutonimita 67 kwenye mizunguko 6,500. Honda inatoa 63, na inazitoa kwenye 9,500. Soma mstari huo kabla ya ule wa nguvu farasi, maana nguvu farasi 95 za Honda ziko juu kwenye 12,000, na wewe saa mbili asubuhi hufiki huko. Taa ikiwa kijani na lori likiwa nyuma yako, unachohitaji ni kile kilichopo kwenye 4,000.

Umeona ninavyoanza kuegemea. Sasa ngoja nijipinge mwenyewe. R7 ina mvuto wa foleni lakini haina mkao wa foleni. Usukani wake uko chini, kiti kiko milimita 835 kutoka ardhini wakati cha Honda ni 810, nawe miguu umerithi kwangu. Halafu tangu 2024 Honda wanaiuza CBR650R yenye klachi inayofanya kazi kwa umeme: unabadili gia kwa mguu, unasimama, unaondoka, mkono wa kushoto hauminyi kitu, na ukitaka kuminya, mkono wa klachi bado upo. Ningepewa hiyo miaka ile, sijui ningesema nini. Lakini kilo 20 za ziada ni kilo 20. Utazisikia unapoisukuma kinyumenyume kwenye maegesho yenye mteremko, injini imezimwa, na hakuna wa kukushikia.

Mengine mengi hayana uzito. Tairi ni za ukubwa ule ule. Tangi la R7 ni lita 13 na la Honda 15.4, ila R7 inakunywa kidogo, kwa hiyo kila tangi linakufikisha karibu kilomita 300. Zote mbili zina stendi ya pembeni tu, kwa hiyo nunua na stendi ya nyuma ya kuinulia tairi, la sivyo utaanza kuahirisha kupaka mnyororo mafuta, na mnyororo mkavu unakula meno ya sproketi. Breki za ABS, zile zisizoacha tairi likajifunga, ziko kwenye zote, vinginevyo barua hii ingekuwa fupi sana. Ukikuta R7 iliyotumika, jua kwamba za mwanzo zilitoka bila mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze. Honda inao. Kwenye mvua ni jambo la maana.

Nenda basi, na uende umevaa nguo zako za kazini, begi mgongoni, na buti zile zile utakazoendeshea. Kaa juu ya kila moja mpaka mazungumzo yaishe, uendelee kukaa. Minya tangi kwa magoti, kisha achia, usikie viganja vinabeba kiasi gani. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kidole gumba kinaishia wapi. Tazama kwenye vioo vya pembeni: unaona magari au unaona viwiko vyako? Shuka, isukume nyuma na mbele. Wakikukubalia kuijaribu barabarani, usiende asubuhi ya Jumapili. Omba saa ile mbaya kuliko zote, na kama hawataki, uliza kwa nini. Na ukikuta mtu wa kukuambia itakushinda, mwache aongee, wewe endelea kupima. Ukiamua huitaki, mwambie sababu zako moja moja kwa sauti, azisikie zote. Mimi sikumwambia.

Jina la pikipiki ninalo mdomoni tangu nilipoanza kuandika. Mara mbili nimeliandika nikalifuta. Nikikutajia sasa, utaikalia ukiwa umeshaipenda kwa ajili yangu, na mikono itakayoishika kila asubuhi si yangu. Baba yako ananiambia nikutajie tu, mtoto ameuliza. Naye asubiri. Zikalie zote mbili wiki hii, uniandikie viganja na miguu, rangi usinitajie, ndipo nami nitakwambia ningechukua ipi.

Mama yako